Jedwali la kila nusu saa: safari ya bustani ya burudani ipangwe kiasi gani?

Swali: Tumeweka akiba kwa muda mrefu ili tuwapeleke watoto kwenye bustani kubwa ya burudani, ama Disney ya Florida ama ile ya Paris, bado hatujaamua. Tutakuwa sita: mimi, mume wangu, mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, na watoto watatu: wa kiume wa miaka 11, wa kike wa miaka 7, na mdogo anayekaribia kutimiza 3. Tutakaa siku tano. Nimeandaa jedwali lenye kila nusu saa ya kila siku. Mume wangu amelitazama akasema hakuomba likizo ili akaajiriwe upya. Mimi nahofia kwamba tusipopanga tutashinda kwenye foleni na pesa yote iende na maji. Nipange kiasi gani?

Jibu: Dada, nimelisoma jedwali la siku ya kwanza uliloambatanisha. Saa 3:00 asubuhi, kuingia. Saa 3:40, tembo wanaoruka. Saa 4:10 hadi 4:20, "wote chooni". Hapo kwenye choo nimecheka peke yangu. Mtoto wa umri wa huyo mdogo wako anayekwenda haja kwa ratiba sijapata kukutana naye, na mstari huo ukichelewa robo saa, yote iliyo chini yake inachelewa nao. Ikifika saa sita mchana utakuwa nyuma ya ratiba uliyoiandika mwenyewe, na utaanza kuwafokea watu ambao hawajafanya kosa lolote.

Hata hivyo hofu yako ina msingi. Anayekwambia "nendeni tu, mtajionea huko huko" hajawahi kusimama na mtoto anayelia mbele ya ubao unaosema dakika 95. Bustani hizi haziwahurumii wasiojiandaa. Tatizo la jedwali lako ni kwamba limepanga kwa nguvu ileile mambo yanayostahili kupangwa na yasiyostahili.

Mimi hutumia swali moja kwa kila mstari: hili nikilisahau, ninaweza kulirekebisha nikiwa tayari ndani ya geti? Kama haiwezekani, lipange sasa, tena bila huruma. Kama inawezekana, liache. Tiketi ya tarehe iliyojaa huwezi kuirekebisha ukiwa pale. Urefu wa mtoto huwezi kuurekebisha. Wapi mtakula saa saba mchana, au kama mtapanda farasi wa kuzunguka kabla au baada ya gwaride, mtaamua palepale kwa kutazama nyuso za watoto.

Na si suala la kuokoa nguvu tu. Mwaka 2016, Gabriela Tonietto na Selin Malkoc, watafiti katika vyuo vya Marekani, walichapisha mfululizo wa majaribio kuhusu starehe zilizopangiwa saa. Katika mojawapo waliwapa wanafunzi kahawa na biskuti za bure wakati wa mitihani. Wengine walipangiwa saa kamili ya kufika, wengine wakaambiwa waje wakati wowote ndani ya muda wa saa mbili. Kahawa ilikuwa ileile, lakini waliopangiwa saa kamili waliifurahia kidogo kuliko wenzao. Starehe ikishafungwa kwenye saa kamili huanza kuonekana kama kazi. Ila zingatia hili: waliopewa muda mpana hawakupungukiwa na kitu. Kwa hiyo huhitaji kuacha kupanga. Andika "asubuhi", "mchana" na "jioni" mahali ulipoandika "3:40".

Sasa tuanze na yale yasiyosubiri.

La kwanza ni wapi. Disney ya Florida ina bustani kuu nne na mbili za maji, zimetawanyika kwenye eneo kubwa kiasi kwamba mnasafiri kwa basi kutoka moja hadi nyingine. Kwenye Magic Kingdom, mojawapo ya hizo nne, anayekuja na gari huliacha kwenye maegesho kisha akapanda kivuko au treni ya reli moja kabla hata hajafika getini. Paris ina bustani mbili tu, na geti la moja liko umbali wa kutembea kutoka geti la nyingine. Kwa bibi mwenye magoti na mtoto wa umri wa kulala mchana, mengine yakiwa sawa, mimi ningechagua Paris kwa siku tatu, na hizo mbili zilizobaki mfanye mambo mengine kabisa. Florida ni nzuri, lakini siku tano za Florida ndizo zinazowatia watu tamaa ya kuandika majedwali. (Kama kwa kweli mnamfikiria yule mdogo zaidi, itazameni pia Efteling ya Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 1952. Ina msitu wa hadithi za kale ambao mtoto mdogo anautembea kwa miguu yake, bila kupimwa urefu.)

La pili ni umri, kwa sababu unabadilisha hesabu ya tiketi. Kote kuwili, mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 anaingia bure. Lakini Florida humhesabu mtoto kuwa mtu mzima kuanzia miaka 10, na Paris kuanzia 12. Kwa hiyo kijana wako wa miaka 11 ni mtu mzima upande mmoja wa bahari na mtoto upande wa pili. Na huyo mdogo, tazama siku yake ya kuzaliwa inaangukia wapi kabla hujachagua tarehe. Wiki mbili tu zinaweza kukuongezea au kukupunguzia tiketi nzima.

La tatu, ambalo jedwali lako halikuligusa hata kidogo, ni urefu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo machozi mengi ya siku ya kwanza yanapotoka. Michezo yenye kasi ina kimo cha chini, na kimo hicho hakina mjadala. Mlangoni pana nguzo au ubao wenye alama. Mtoto anasimama wima, mgongo kwenye nguzo, visigino chini, na mfanyakazi anatazama kama utosi unafika. Nywele zilizofungwa juu hazihesabiwi, na kuchuchumia kwa vidole wameshakuona mara nyingi. Sasa tazama: Space Mountain ya Florida inadai sentimita 112, lakini ndugu yake wa Paris, Hyperspace Mountain, anadai 120. Binti wa miaka 7 mwenye sentimita 118 anapanda huku na anakataliwa kule. Big Thunder Mountain ya Paris inadai 102, kwa hiyo huyohuyo anapita bila wasiwasi. Mkivuka kwenda kwa jirani wa Disney kule Orlando, Universal, ile treni ya Hulk inataka 137, na hapo hata kijana wako mkubwa apimwe kwanza nyumbani.

Mpime kila mtoto leo, akiwa amevaa viatu atakavyosafiri navyo, halafu fungua tovuti ya bustani mliyochagua na uandike kwenye karatasi michezo ambayo kila mmoja anaruhusiwa. Usimwahidi mtoto mchezo kabla ya hapo. Mtoto aliyeambiwa mapema kwamba mchezo fulani ni wa mwaka ujao husahau baada ya siku mbili. Aliyeimbiwa mchezo huo kwa miezi mitatu halafu akarudishwa mlangoni mbele ya kaka yake, jioni mtakuwa bado mnamtuliza.

La nne ni orodha ya michezo iliyofungwa kwa matengenezo. Bustani kubwa huitangaza kwenye tovuti zao. Watu huchagua msimu usio na msongamano, jambo zuri, bila kukumbuka kwamba ndio msimu ambao mafundi hupenda kuutumia, na kwamba geti nalo hufungwa mapema zaidi. Tazama kabla ya kulipa.

La tano, meza. Kama kuna mlo mmoja ambao watoto wanautaka kwa dhati, ule wa kula huku wahusika wa katuni wakipita mezani, uweke nafasi mapema. Florida hufungua nafasi siku 60 kabla. Mlo mmoja kwa safari nzima unatosha. Kila meza unayoiwekea nafasi ni msumari unaopigilia siku yenu mahali pamoja, na ukipigilia mitatu kwa siku umerudi kwenye jedwali la nusu saa kupitia mlango wa nyuma.

Hayo ndiyo ya kufunga. Sasa foleni, ambayo ndiyo hasa inayokunyima usingizi.

Foleni haina uchawi, ni hesabu ya kugawanya. Kila mchezo una idadi ya watu unaoweza kuwabeba kwa saa, na idadi hiyo haipandi kwa sababu ninyi mmetoka mbali. Mchezo unaobeba watu 1,000 kwa saa ukiwa na watu 500 mbele yenu, mtasubiri nusu saa. Urefu wa mstari kwa macho unadanganya. Haunted Mansion ya Florida, ile nyumba ya mizimu, ina vigari visivyosimama kabisa: watu wanapanda na kushuka vikiwa vinatembea, na kwa saa moja humeza zaidi ya watu 2,000. Mstari wa kutisha pale husogea kama maji. Michezo midogo ya kuzunguka, ambayo husimama kabisa, ikashusha wote, ikapakia wote, mikanda ikakaguliwa kiti kwa kiti, ina mistari mifupi isiyosogea. Na hiyo ndiyo michezo ya watoto wadogo. Wengi huiacha hadi mchana wakidhani ni ya haraka.

Saa ya kwanza ya siku ina thamani kuliko nyingine kwa sababu hiyohiyo. Mchezo unabeba watu walewale kwa saa, lakini bustani bado haijajaa. Watu huendelea kumiminika hadi karibu na adhuhuri, foleni zikafikia kilele mchana, halafu zikaanza kulegea wenye watoto wanapochoka na kuondoka. Kwa hiyo sehemu ya siku inayostahili ukali wako wote ni saa mbili za kwanza. Mfike kabla geti halijafunguliwa, si wakati linafunguliwa. Mwe mmekwisha kukubaliana usiku uliopita mnakwenda wapi kwanza na wapi pili. Ukilala kwenye hoteli za Disney kule Florida unaruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, na nusu saa hiyo inaweza kukupa michezo miwili ambayo mchana ingekula saa mbili. Paris nayo ina utaratibu unaofanana kwa wageni wa hoteli zake.

Baada ya hapo, achia. Nasema kweli. Ikifika saa tano mtakuwa mmepata mambo matatu au manne makubwa, na kinachobaki ni ziada. Tembeeni. Mtazame gwaride likiwakuta njiani. Huyo wa miaka 7 akikwama kwenye duka la fimbo za uchawi kwa dakika ishirini, akizipunga moja moja ili asikie ipi inalia vizuri, kwa mwenye jedwali hiyo ni ajali. Kwako iwe sehemu ya siku.

Mchana wenyewe, ondokeni. Rudini hotelini, mdogo alale, bibi anyooshe miguu, wakubwa waogelee. Ushauri huu watu huukataa kwa hoja kwamba tiketi imelipiwa. Imelipiwa, ndiyo, lakini kati ya saa saba na saa kumi mchana mnapata kidogo sana kwa kila dakika ya kusimama kwenye jua. Mkirudi saa kumi na moja mmeoga, mnakuta waliobaki wanaburuta miguu na nyinyi ndio mnaanza. Na kati ya siku zenu, moja msinunulie tiketi kabisa. Usiiweke mwishoni, iweke katikati.

Pasi za kulipia za kuruka foleni zimekuwa somo zima, na kuna watu wanaishi kwa kulifundisha. Florida huuza ile inayoitwa Lightning Lane Multi Pass. Unachagua michezo mitatu mapema, siku 7 kabla kwa wageni wa hoteli zao na siku 3 kwa wengine, halafu unaongeza mingine kupitia simu kadiri unavyoitumia. Inafanya kazi. Lakini ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti: mtu mmoja wa familia anashinda ameinamisha kichwa kwenye simu. Kwa hali yenu ningeinunua kwa siku moja tu, ile ya bustani ambayo watoto wameiota zaidi, na simu angeishika mume wako. Ndiye aliyelalamika kuhusu ratiba, basi apewe hiyo ndogo aione ilivyo. Paris wanauza pia kwa mchezo mmoja mmoja, na huo ndio mtindo ninaoupenda: unafika, unaona foleni imekuwa ndefu, unaamua palepale kama inafaa kulipia.

Kuna utaratibu mwingine wa bure ambao watu wengi hawaujui. Mtoto mdogo asipofikia kimo, mzazi mmoja anapanda na wakubwa huku mwingine amekaa na mdogo. Kisha wanabadilishana, na yule wa pili anapanda bila kupanga foleni upya. Disney huuita Rider Switch, na Universal wana wa kwao. Uliza mlangoni mwa mchezo kabla hamjajipanga, si mkishatoka. Mara nyingi kijana mkubwa huruhusiwa kurudi na mzazi wa pili, yaani anapanda mara mbili. Mwambie mapema, atakuwa rafiki mkubwa wa mdogo wake siku hiyo.

Jambo ambalo jedwali lako limelikosea kabisa ni mwisho wa siku. Kila siku umeimalizia kwenye fataki, kila siku hadi geti lifungwe. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watumbukize mkono kwenye maji ya baridi kali, nyuzi 14, kwa sekunde 60. Mara nyingine walifanya hivyohivyo, halafu wakakaa sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangerudia lipi, wengi walichagua lile refu, ambalo kwa jumla lina mateso mengi zaidi, kwa sababu tu liliisha vizuri kidogo. Kumbukumbu hubeba kilele na mwisho, na haijali sana urefu. Siku ya saa kumi na tatu iliyoishia kwa mtoto kulala chini barabarani akipiga mateke itakumbukwa kwa mateke hayo. Chagueni usiku mmoja wa fataki, ule ambao mchana wake mlilala vizuri. Siku nyingine tokeni mapema, mdogo akiwa bado anacheka.

Usilitupe jedwali, hata hivyo. Ninashuku kwamba ulifurahia kulitengeneza, na furaha hiyo ni halali. Mtafiti Jeroen Nawijn na wenzake waliwachunguza Waholanzi 1,530 na kuchapisha matokeo mwaka 2010: wanaokwenda likizo walikuwa na furaha kuliko wasiokwenda kabla ya safari, lakini baada ya kurudi tofauti ilitoweka, isipokuwa kwa waliosema likizo yao ilikuwa tulivu sana. Soma tena hizo nusu mbili. Nusu ya kwanza inakupa ruhusa ya kuota na kuchora ukiwa nyumbani, tena waite watoto waote pamoja nawe. Kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho bila hicho safari haijakamilika, na bibi naye ataje chake. Hivyo sita vinakwenda kwenye karatasi ndogo. Hiyo ndiyo inayosafiri. Nusu ya pili ndiyo sababu jedwali linabaki nyumbani.

Nina tofauti mbili. Anayekwenda kwa siku moja tu apange zaidi ya hivi, kwa sababu hana kesho ya kurekebishia. Na familia yenye mtoto anayetaabika asipojua kinachofuata, kama ilivyo kwa watoto wengi wenye usonji, impangie siku kwa picha na mfuatano, ingawa bado bila dakika. Huduma maalumu kwa watoto hao zipo, lakini huombwa kabla ya safari. Kwa upande wa Florida, Disney hufanya mahojiano kwa video.

Bibi nimemweka mwisho kwa sababu katika jedwali lako hayumo kabisa, isipokuwa pale alipoandikwa "kushika mizigo". Siku moja kwenye bustani kubwa ni kutembea kilomita 10 au zaidi, na magoti yake hayatazifikisha hata nusu. Getini hukodishwa viti vya magurudumu na, Florida, vile vya umeme ambavyo anaviendesha mwenyewe. Vya umeme si vingi na haviwekewi nafasi, anayewahi ndiye anayepata. Hiyo ni sababu nyingine ya kufika kabla ya geti. Zungumza naye kabla ya kuondoka, ukiwa naye wawili tu. Wazee wengi watakataa kiti wakiulizwa mbele ya wajukuu. Akikataa bado, mwambie ni cha kubebea mabegi, na atakapochoka atakaa mwenyewe bila kuombwa.